Kuhani Aliyetolewa Mlangoni na Habari ya Msiba

Waombolezaji, majirani, na nyote mliosimama na familia tangu jana, kabla ya kueleza marehemu alizaliwa lini na alisoma wapi, familia inaona ni haki kuanza na jambo ambalo yeye mwenyewe alilianza nalo kila alipokaa na watu aliowaamini, jambo aliloliwaza kwa karibu miaka thelathini na ameondoka nalo bila kulipatia jawabu, nalo ni hili: asubuhi ile, katika wiki ya kuwekwa sanamu mpya hekaluni, je, simu ya ofisini ililia, au haikulia? Wako kina mama waliokuwa uani wakitunga maua wanaoapa kwamba waliisikia, na wako waliokaa nao mkeka mmoja wanaoapa kwamba ofisi ilikuwa kimya, na marehemu kila alipowasikiliza alikuwa akitikisa kichwa na kusema, "Wote hao ni watu wakweli, ndiyo maana hainitoki kichwani." Familia haikuja hapa kumaliza mjadala huo, wala haina uwezo huo, ila maisha ya mzee wetu hayasimuliki bila kukatwa vipande viwili na simu hiyo, na leo si siku ya kumsimulia nusu.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi mwaka 1944, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa fundi cherehani na mkewe, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya duka la baba yake, nyumba ambamo sauti ya cherehani ilianza kabla ya chai na kunyamaza baada ya chakula cha usiku. Alitanguliwa na kaka yake kwa miaka saba, kaka aliyembeba mgongoni, akamtetea mitaani, akamfundisha kusoma kwa vipande vya magazeti vilivyofungiwa nguo, na baadaye akaenda kuishi mbali sana, katika nyumba ya watawa iliyo mlimani, ambako hakukuwa na simu wala posta ya kuaminika. Waliokuwepo walisimulia kwamba marehemu alipozaliwa alilia kwa sauti kubwa hivi kwamba mkunga alitoka nje akamwambia baba yake, "Huyu hana haja ya kutangazwa, mtaa mzima umeshajua."

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwao kuanzia mwaka 1951 hadi 1958, akafanya vizuri katika kusoma na vibaya katika michezo yote, na jioni wenzake walipokuwa uwanjani yeye alikuwa hekaluni akimsaidia kuhani mzee kusokota tambi za pamba kwa ajili ya taa. Kuhani huyo, ambaye alikuwa mkali kwa watu na mpole kwa vitu, ndiye aliyemfundisha nyimbo, hesabu za mwezi zinazopanga sikukuu, na namna ya kumgusa Mungu aliye katika sanamu kama mtu anavyomgusa mgeni wa heshima aliyelala. Mwaka 1965, macho ya mzee huyo yalipofifia, marehemu alikabidhiwa chumba cha ndani zinamokaa sanamu za Krishna na mwenziwe Radha, na tangu siku hiyo waumini wakamwita Maharaj, kama wanavyomwita kuhani yeyote, na mtaa uliobaki, Wahindu na wasio Wahindu, ukamwita Kengele.

Jina hilo alilipata kwa haki, maana kengele yake ilikuwa ya kwanza kusikika kila alfajiri, na watu waliamkia kazini kwa sauti yake, na mwoka mikate wa ng'ambo ya barabara alikuwa akimpigia kelele kutoka mlangoni, "Kengele, leo umechelewa, mikate yangu imeungua," naye alimjibu bila kugeuka, "Mikate yako huungua hata nikiwahi."

Kazi yake wengi mnaijua kwa nje, hivyo familia inaomba kuieleza kwa ndani, kama alivyokuwa akiieleza mwenyewe. Alioga maji baridi, akavaa shuka jeupe lililofuliwa jana yake, akasimama mbele ya mlango uliofungwa na kugonga kengele taratibu kwanza, kwa sababu, alisema, hakuna anayependa kushtuliwa usingizini, kisha akaimba wimbo wa kuamsha, akafungua, akaiosha sanamu kwa maji na maziwa, akaifuta kama mtu anavyomfuta mtoto nyuma ya masikio, akaipaka liwa kwenye paji la uso, akaivika nguo ya rangi ya siku hiyo na shada la maua. Chakula kilipowekwa mbele yake alivuta pazia, ili Bwana ale bila kutazamwa mdomoni, na baada ya hapo ndipo umati uliposhuhudia kile ambacho wageni hudhani ndiyo ibada yote, yaani taa ya tambi tano inayozungushwa mbele ya sanamu huku kengele, ngoma na baragumu la kombe vikipigwa pamoja, na mikono ya watu ikinyooshwa kuchukua joto la moto ule na kujipaka usoni. Mchana pazia lilifungwa, Bwana akapumzika, jioni akaamshwa tena, na usiku akalazwa kwenye kitanda kidogo cha mbao ambacho marehemu alikiombea chandarua katika kikao cha kamati, na mjumbe mmoja akamuuliza, "Maharaj, mti unaumwa na mbu?" naye akamjibu, "Lala wewe nje usiku mmoja, kesho uniulize tena," na chandarua kikanunuliwa. Msimu wa baridi aliivika sanamu sweta aliyoifuma mkewe, na mtu aliyecheka alipewa uzi na kuambiwa afume soksi.

Mwaka nao aliubeba hivyo hivyo, sikukuu baada ya sikukuu, siku ya rangi ambayo uani hakubaki mtu mwenye sura yake, usiku wa kuzaliwa Krishna ambapo susu lilipambwa na kila mtoto akapewa zamu ya kuvuta kamba yake, mikesha tisa ya Mungu Mama ambayo wanawake walicheza kuizunguka taa hadi nyayo zao zikachora duara sakafuni, na sikukuu ya taa, ambayo kesho yake vyakula vya kila nyumba vilipangwa mbele ya sanamu mpaka vikawa kama mlima. Katika siku hizo zote marehemu alionekana kidogo sana, kwa kuwa alikuwa ndani, na alipenda iwe hivyo.

Tarehe 2 Februari mwaka 1968 alimwoa binti wa karani wa shule, mama yetu ambaye leo ni mjane, na mama anasema asubuhi ya kwanza ya ndoa aliamka akakuta kitanda kitupu, akakaa akalia kidogo, kisha akasikia kengele, akaelewa, na tangu siku hiyo akawaambia wenzake, "Mimi nimeolewa mke wa pili, mkubwa yuko hekaluni na huamshwa kwa nyimbo." Mungu aliwajalia mtoto mmoja tu, binti, aliyezaliwa tarehe 17 Novemba mwaka 1973, ambaye sasa ni mwalimu wa shule ya msingi.

Lakini kabla ya binti huyo, mwaka 1971, nyumba hiyo ilikuwa imeshapata mtoto mwingine, kwani mama mkwe wa marehemu alifariki, na kitinda mimba wake, ndugu mdogo wa kiume wa mama yetu, akaletwa akiwa na nguo zake ndani ya mfuko wa mchele. Marehemu alimwita shemeji kwa mdomo na mwana kwa vitendo, akamuuguza surua, akampeleka shule, akamfundisha kusokota tambi, kisha nyimbo, kisha namna ya kuvuta pazia bila pete zake kulia, na mtu alipouliza, "Huyu ndiye wako?" alijibu neno moja tu, "Ndiye." Shemeji huyo alikua na sauti nzuri kuliko ya mwalimu wake, na mwalimu wake ndiye aliyekuwa wa kwanza kulisema jambo hilo hadharani.

Mnamo miaka ya themanini kamati ya hekalu ilipata mwenyekiti mpya, mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi, mtu mchangamfu, mkarimu, mwenye wageni wengi, na wageni wake walikuwa na tabia ya kufika mchana. Marehemu hakuwafungulia pazia. "Maharaj, wametoka mbali," mwenyekiti angesema, naye angejibu, "Bwana naye ametoka kazini, amelala," na wageni wangekaa barazani wakinywa maji mpaka jioni, au wangeondoka. Familia haimlaumu mwenyekiti kwa kuona aibu mbele ya wageni wake, ni jambo la kibinadamu, wala haimlaumu marehemu kwa kulinda usingizi aliokabidhiwa kuulinda, ila inaona kwamba mambo makubwa yaliyofuata yaliingilia kwenye ufa huo mdogo.

Mwaka 1989 sanamu ya zamani ya Krishna, ambayo ilikuwa ya mti na imepasuka bega kwa uzee, ilistaafishwa, na sanamu mpya ya marumaru ikaletwa. Sanamu ya namna hiyo hufika ikiwa jiwe, na hulazwa ndani ya nafaka, kisha ndani ya maji, ikiwa imefungwa kitambaa machoni, mpaka saa ambayo kuhani hukifungua na mwenzake akashika kioo mbele yake, kwa kuwa mtazamo wa kwanza una nguvu isiyopaswa kumwangukia mtu. Kuhani hupata kazi hiyo mara moja maishani, na wengi hawaipati kabisa. Marehemu alifunga saumu kwa ajili yake, akala tunda moja kwa siku, akanyamaza zaidi ya kawaida yake, na kioo akamkabidhi shemeji akishike, na mama anakumbuka kumsikia akisema peke yake akiwa anafua shuka, "Nimemwamsha mwingine miaka yote hii, huyu nitamwamsha mara ya kwanza kabisa."

Hapa lazima familia ieleze sharti moja kwa ajili ya wale wasioshiriki dini hii. Ndugu wa ukoo wa baba akifariki, kuhani huingia katika kile wanachokiita uzito wa msiba, na hawezi kuigusa sanamu wala kukanyaga chumba cha ndani mpaka siku kumi na tatu ziishe, na siku hizo hazihesabiwi tangu mtu alipokufa bali tangu habari ilipoingia sikioni, na ikishaingia imeingia. Tena kuna adabu juu ya sharti, kwamba anayeambiwa haulizi, haombi uthibitisho, hasemi una hakika, kwa sababu anayeuliza huonekana anapenda nafasi yake kuliko anavyompenda ndugu yake. Mtu wa kazi nyingine yoyote angeuliza nani amepiga simu, kutoka wapi, amejuaje. Kuhani huvua shada na kutoka.

Siku tatu kabla ya sanamu kufunguliwa macho, asubuhi, shemeji alitoka ofisini akavuka ua akilia machozi ambayo kila aliyeyaona anakubali yalikuwa machozi, akasimama mbali na kizingiti ili asimguse marehemu, akasema, "Shemeji, simu imepigwa. Mtu amesema kaka yetu wa mlimani amefariki. Kisha ikakatika." Marehemu alikuwa ameshika kibakuli cha liwa, akakiweka chini, akatoka nje, akaenda moja kwa moja kwenye bomba la uani, akafungua maji akasimama chini yake na nguo zake zote, kama desturi inavyotaka, na wanawake wakaacha kutunga maua, na mwenyekiti alipofika akamshika bega kwa huruma na kusema, "Pole sana Maharaj, usihangaike na mambo ya ndani, kijana yupo."

Siku ya kufungua macho marehemu alisimama ng'ambo ya barabara, kwenye kibaraza cha mwoka mikate, kwa maana hata viatu vya waumini hakutaka kuvisogelea. Alisikia ngoma, akasikia baragumu, akasikia kimya kinachotangulia kitambaa kuondolewa na shemeji, halafu akasikia umati ukishangilia, na mwoka mikate, ambaye hakuwa Mhindu, alimletea kiti na mkate wa moto, akasema, "Kaa basi, Kengele," naye akakaa, na mkate ukapoa mkononi mwake.

Siku ya kumi alinyoa kichwa kwa ajili ya kaka yake. Siku ya kumi na moja, wakati mama yetu akianika nguo, mzee mmoja mwembamba mwenye mfuko begani alisukuma lango, akaangalia uani, akamwona marehemu amekaa ukutani na upara unaong'aa, akatupa mfuko chini akauliza kwa hofu, "Nani ametutoka?" Marehemu alinyanyuka. "Wewe, kaka," akasema. Mama alidondosha beseni, na kaka mtu akajipapasa kifua kama anayetafuta kitu mfukoni, akasema, "Mbona sikuambiwa?" na ndugu wale wawili wakaanza kucheka, wakacheka mpaka wakashikana, na katikati ya kicheko hicho mama aliona mumewe ameacha kucheka na bado anatikisika. Kaka alikuwa safarini wiki tatu, kwa miguu na kwa treni, amekuja kumwona mdogo wake akifungua macho ya sanamu, na alikuwa amechelewa.

Jioni hiyo marehemu alikwenda hekaluni na kaka yake mkononi, akawakuta shemeji na mwenyekiti barazani. Shemeji alimwona yule kaka, marehemu wa simu, amesimama mbele yake, akakaa chini kwenye ngazi, akasema, "Shemeji, mimi nilisema nilichoambiwa." Marehemu akamuuliza, "Sauti ya nani?" Akajibu, "Sauti ya mtu. Sijui. Ilikuwa mbali." Mwenyekiti akaingilia kati kwa upole, akasema lilikuwa kosa la kusikitisha, Mungu ashukuriwe kaka ni mzima, lakini macho hayafunguliwi mara mbili, na Maharaj mwenyewe anajua kuliko wote kwamba aliyeyafungua ndiye anayepaswa kuihudumia sanamu hiyo mpaka sikukuu yake ya mwaka ifike. Na ni kweli, sharti hilo lipo, na marehemu alikubali kwamba lipo, akasema, "Mwaka si mwingi," akarudi nyumbani.

Aliusubiri. Akapewa cheo cha mshauri wa ibada na kiti barazani, akafundisha watoto nyimbo siku za Jumamosi, akatunga maua pamoja na kina mama, na sikukuu ya mwaka ilipofika aliamka kama zamani, akaoga, akavaa shuka jeupe, akavuka barabara kukiwa bado giza. Mlango wa ndani ulikuwa wazi. Shemeji alikuwa amesimama mbele ya sanamu, akiimba wimbo wa kuamsha ambao marehemu alimfundisha akiwa bado ana mapengo mdomoni, na aligeuka, akamwona, macho yao yakakutana, na akaendelea kuimba. Waumini walikuwa wamejaa. Mwenyekiti alikuwepo. Walikuwepo watu waliopewa majina na marehemu, waliofungishwa ndoa naye, waliolia begani kwake, na kila mmoja wao alijua ni siku gani, na hakuna aliyesema neno. Marehemu alisimama kidogo kizingitini, kisha akasogea nyuma akakaa sakafuni kati ya watu. Kuhusu simu kuna mjadala, na familia inauheshimu. Kuhusu asubuhi hiyo hakuna mjadala wowote.

Hakufungua kesi, hakuhama hekalu, hakuacha kusali, na wengi walichukulia kwamba amesamehe, kwa sababu ilikuwa rahisi kwao kuchukulia hivyo. Alikuja kila siku akakaa sakafuni kama muumini mwingine, na wakati wa mikesha tisa, kama mpiga ngoma akiharakisha, vidole vyake vilionekana vikipiga goti kwa mwendo ulio sahihi. Kengele hakuigusa tena. Mwoka mikate aliendelea kumwita kwa jina hilo mpaka siku moja marehemu akamwomba kwa upole aache, na mwoka mikate akaacha, akawa anamwita jirani. Mama yetu alikaa katikati, mume huku, ndugu huko, akimpikia ndugu yake siku za sikukuu na kumpelekea chakula mwenyewe, na alipoulizwa anawezaje alisema, "Nikimkata yeye nimekata mkono wa mama yangu. Lakini meza moja na sisi hatakaa." Kaka wa marehemu alirudi mlimani, akafariki kweli mwaka 2003, na marehemu akanyoa kichwa kwa ajili yake mara ya pili.

Mwaka 2015 marehemu alianza kukohoa na kupungua uzito, akapelekwa hospitali, na daktari baada ya kutazama picha ya kifua alimuuliza, "Mzee, umevuta sigara miaka mingapi?" naye akajibu, "Sigara sijawahi, daktari, nimevuta ubani." Mapafu yake yalikuwa yamechoka kwa moshi wa samli na kafuri wa chumba kile kisicho na dirisha. Alitibiwa, akapata nafuu, akarudi kukaa sakafuni, na mwaka huu wa 2018, mwishoni mwa Julai, alilazwa tena na hakurudi sakafuni. Shemeji alikwenda kumwona mara moja. Binti alikuwepo. Marehemu alivua kifaa cha kupumulia na kuuliza, "Ililia?" Shemeji akasema, "Ililia, shemeji, naapa." Marehemu akapumzika, akameza mate, akauliza tena, "Na mwaka ulipoisha?" Shemeji alinyanyuka, akamwekea sawa blanketi miguuni, akatazama dirishani, na muuguzi alipokuja kusema muda wa wageni umekwisha alikuwa bado hajajibu.

Marehemu alifariki jana asubuhi, tarehe 14 Agosti, akiwa na umri wa miaka sabini na minne, mkewe akiwa ameshika mkono wake mmoja na binti yake ule wa pili. Ameacha mjane, binti, mkwe mmoja na wajukuu wawili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa subira, hasa yule muuguzi wa zamu ya mchana aliyekubali pazia la kitanda chake livutwe kila alipokula, bila kuuliza sababu, inawashukuru majirani walioleta viti, maji na kuni, inamshukuru mwoka mikate na wanawe waliofunga duka jana kwa mara ya kwanza tangu duka lijengwe, na inawashukuru waumini wote waliofika, hata wale wasiojua waangalie wapi.

Limebaki jambo moja, ambalo familia imeombwa na mjane ilisome waziwazi ili lisije likazungumzwa pembeni. Marehemu hakuwa na mtoto wa kiume, na kwa kuwa alimlea shemeji kama mwanawe, ilikuwa ikijulikana siku zote kwamba shemeji ndiye atakayewasha moto wa mwisho wa kuuchoma mwili. Anayeuwasha huubeba msiba wote kama mtoto wa kumzaa, na hukaa nje ya chumba cha ndani siku kumi na tatu, na sikukuu ya mwaka ya sanamu ile ni Jumapili hii. Mjane alimwita ndugu yake jana, akamwambia atamwomba mara moja tu, na akamwomba. Shemeji alilia, akasema, "Dada, nikiwasha moto nitakuwa nje. Jumapili nani atamwamsha?" Mjane akamwambia, "Mahekalu mengine yana makuhani, waazimwe." Akasema, "Huyu amenizoea mimi." Shemeji akamgusa miguu, akaondoka kuwahi ibada ya jioni. Huenda alisema kweli yote aliyokuwa nayo, huenda ndivyo anavyompenda Mungu wake, na kama ni hivyo, mapenzi hayo aliyajifunza kwa mtu anayelala mbele yetu, na hilo halipunguzi uzito hata kidogo. Msiba ambao haukuwepo ulimpa mlango ule, na msiba huu uliopo ameombwa aubebe, ameuacha kwetu.

Mzee mmoja wa kamati alikuja kusema, kwa nia njema, kwamba atafutwe mwanamume yeyote wa ukoo, kwani mtoto wa kike kuwasha moto haijawahi kutokea hapa. Mjane alimwambia, "Haijawahi pia mtu kunyolewa kichwa kwa ajili ya kaka aliye hai, na mlikuja mkala chakula cha siku ya kumi." Kwa hiyo imeamuliwa na mjane, na ukoo umeridhia, kwamba mwili hautapitishwa mbele ya hekalu, utapitia barabara ya nyuma, na moto utawashwa na binti yake. Ameshaoga tangu alfajiri, amevaa nyeupe, chungu cha makaa kiko mikononi mwake, naye ndiye atakayetangulia.

Mzee wetu, umepumzika sasa, amani iwe nawe. Binti yako yuko mlangoni, tumfuate.